Filta kabla ya ADC: maswali ninayoulizwa kila siku na mafundi wa Arusha na Moshi

Karibuni wadau. Haya maswali nimeyakusanya kutoka kwa watu ninaokutana nao, mafundi wa vibandani pale karibu na stendi, vijana wa vyuo vya ufundi, na wakulima wanaofunga sensa kwenye vihamba (mashamba ya nyumbani) vyao huko juu Kibosho na Machame. Karibu wote wanafika na tatizo lilelile, namba kwenye simu zinacheza na hawajui zinacheza kwa nini. Nimejibu kama ninavyojibu tukiwa mezani, pasi ya kulehemu ikiwa bado ya moto, kwa hiyo kuna maswali nimeyajibu kwa urefu na mengine kwa sentensi mbili tu.

Eliasingi ni nini, kwa lugha ya kawaida?

Umeshawahi kurekodi boda kwa simu pale Sokoine Road, ukaja kuangalia video ukakuta tairi linazunguka kinyumenyume wakati pikipiki inaenda mbele? Hiyo ndo eliasingi. Kamera inapiga picha 30 kwa sekunde, spoku zinapita mahali palepale mara 29 kwa sekunde, basi kila picha inaikuta spoku haijafika kabisa pale alipokuwa mwenzake, na jicho likiunganisha hizo picha linaona spoku zinarudi nyuma taratibu. Hakuna kilichorudi nyuma, ni picha tu zilikuwa chache kwa mwendo ule.

ADC (kifaa kinachogeuza volti kuwa namba) nayo iko hivyohivyo. Inachukua sampuli, yaani kipimo kimoja, inatulia, inachukua nyingine, na katikati hapo haijui kilichotokea. Signali ya 50 Hz (mizunguko 50 kwa sekunde) ukiichukulia sampuli 45 kwa sekunde itaonekana kwenye data kama 5 Hz, safi kabisa, na hakuna namna ya kuitofautisha na 5 Hz ya kweli. Hesabu yake ni rahisi: chukua frikwensi ya kitu chenyewe, tafuta kizidisho cha kasi ya sampuli kilicho karibu nayo zaidi, toa, tofauti inayobaki ndo utakayoiona kwenye grafu. 

Nimesoma Nyquist anasema mara mbili inatosha. Maji ya tanki langu yanabadilika polepole sana, nasoma kila sekunde, mbona bado naharibikiwa?

Hapa ndo watu wengi wanapoteleza na mi mwenyewe niliteleza hapohapo. Harry Nyquist aliandika mambo yake mwaka 1928 akishughulika na telegrafu, Claude Shannon akaja kuiweka sawa kwenye maandishi ya 1949, na kanuni yenyewe inasema kasi ya sampuli izidi mara mbili ya frikwensi ya juu kabisa ILIYOPO kwenye waya. Haisemi mara mbili ya ile unayoitaka wewe. Maji kweli yanabadilika kwa dakika na masaa, lakini waya wako haujui kama uliwekwa kwa ajili ya maji. Unabeba maji, unabeba 50 Hz ya umeme uliopita nao kwenye bomba moja, unabeba mikwaruzo ya 150 kHz ya ile bodi ndogo ya LM2596 uliyotumia kushusha volti za betri, unabeba simu na redio. Vyote hivyo ADC inavipokea, na vyote vinakunjwa kuingia chini ya nusu ya kasi yako ya sampuli. Ukisoma mara moja kwa sekunde, kila kitu duniani kinabanwa kuonekana kati ya 0 na 0.5 Hz.

Tupe mfano wa kweli basi.

Baba mdogo ana tanki la lita 5000 kwenye kihamba, kule Kibosho. Tulizamisha sensa ya presha inayotoa volti 0 hadi 5, waya wa mita kama 40 hadi kwenye bodi ndogo ya ESP32 ndani ya stoo, na kwa kuwa kulikuwa na bomba la plastiki limeshafukiwa tayari kwa ajili ya umeme wa pampu tukapitisha waya wa sensa humohumo. ESP32 inasoma mara moja kila sekunde inatuma. Siku ya pili akanipigia, nikamwamkia shikamoo akaitikia marahaba harakaharaka akaniambia, "Mwanangu, hili tanki linapumua." Nikafungua grafu nikaona kweli, maji yanapanda na kushuka karibu sentimita 6, pole pole, wimbi moja linakaa kama dakika, mara dakika na nusu, mara sekunde arobaini. Limelainika vizuri sana kama kifua cha mtu aliyelala.

Nikaanza kutafuta sababu kwenye maji. Nikahisi pampu, nikahisi hewa kwenye bomba, tukapanda juu ya tanki na tochi usiku kuangalia kama maji yanacheza, yametulia kama kioo. Wiki mbili nzima zikaenda hivyo.

Kumbe ni 50 Hz ya waya wa pampu. Fikiria: ukisoma kila sekunde moja kamili, umeme wa 50 Hz umezunguka mara 50 kamili kati ya sampuli na sampuli, kwa hiyo kila ukiangalia unaukuta palepale, kama haupo. Lakini umeme wa gridi hauko 50.000 muda wote, unacheza kidogo juu na chini, na saa ya ESP32 nayo kwenye kodi yangu haikuwa sekunde moja kamili. Ikiwa 49.98, tofauti ni 0.02 Hz, na 0.02 Hz ni wimbi moja kila sekunde 50. Ndo ile pumzi ya tanki. Na kwa sababu gridi inacheza, pumzi nayo ilikuwa inabadilika urefu, kitu kilichozidi kuifanya ionekane ya kweli.

Nitajuaje kama ninachokiona ni cha kweli au ni eliasingi?

Badilisha kasi ya sampuli kidogo. Kipimo bora ninachokijua na hakina gharama yoyote. Kitu cha kweli hakijali unakiangalia mara ngapi, lakini eliasingi ni mtoto wa kasi yako ya sampuli kwa hiyo ukiigusa inahama. Kwenye lile tanki nilibadilisha kutoka kila milisekunde 1000 kwenda kila milisekunde 1003. Tatu tu! Wimbi la dakika nzima likawa wimbi la sekunde 6 na kitu, maana sasa kati ya sampuli mbili umeme unazunguka mara 50.15 na ile 0.15 inajaza mzunguko mzima kila sampuli 6 au 7. Maji ya lita 5000 hayawezi kubadilisha tabia kwa sababu nimebadilisha namba moja kwenye kodi. Nilipoona hivyo nikashuka kwenye ngazi nikaacha kumsumbua fundi bomba.

Angalizo, usichague mabadiliko yanayoangukia palepale. Kutoka sekunde 1 kwenda sekunde 1.3 ungedhani ni mabadiliko makubwa ila 50 mara 1.3 ni 65, namba kamili, utaona wimbi la polepole vilevile na utajidanganya.

Njia nyingine ni kuzima chanzo. Ondoa umeme wa pampu kwenye swichi kuu, washa ESP32 kwa betri, angalia grafu.

Si nitasafisha tu kwenye kodi? Naweka wastani, naweka filta ya Kalman ya kodi, naweka chochote.

Hapana, na hili naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndo swali ninaloulizwa kuliko yote. Unga unachekechwa kabla ya kuingia kwenye sufuria, ugali ukishaiva na mchanga ndani huwezi kurudi na chekeche. Sampuli ikishachukuliwa, ile 50 Hz iliyogeuka 0.02 Hz NI 0.02 Hz, namba ni zilezile moja kwa moja ambazo ungezipata kama maji yangekuwa yanapumua kweli. Hakuna programu inayoweza kutenganisha vitu viwili ambavyo vina namba zilezile. Filta ya kodi ikiondoa ile pumzi itaondoa na mabadiliko ya kweli ya maji yanayofanana nayo.

Wastani unasaidia lakini pale tu unapochukua sampuli za haraka ndo ukafanya wastani, sio kufanya wastani wa sampuli za polepole. Hivi ni vitu viwili tofauti kabisa na watu wanavichanganya. Ukisoma mara 1000 kwa sekunde, 50 Hz bado iko pale kama 50 Hz, haijakunjwa, na hapo kodi inaweza kuiua. Tena inaiua vizuri: chukua wastani wa muda ambao ni mizunguko kamili ya umeme, yaani milisekunde 20, au 40, au 200, juu ya wimbi na chini ya wimbi vinafutana. Sampuli 200 kwa kasi ya 1000 ni milisekunde 200, mizunguko 10. Hata gridi ikiteleza ikawa 49.9 bado kinachobaki ni kama sehemu moja ya 500. Halafu ndo utume hiyo namba moja kila sekunde, au kila sekunde 10.

Lakini na huo wastani una mlango wa nyuma. Chochote kilicho karibu sana na 1000 Hz, 2000, 3000 na kuendelea, kinakunjwa moja kwa moja hadi karibu na sifuri na wastani hauoni kitu cha ajabu, unakipitisha. Ile 150 kHz ya LM2596 ni kizidisho cha 1000, na kwa kuwa oskileta yake inahama kwa joto, ikiwa 150,003 Hz utapata wimbi la 3 Hz, jua likipanda kidogo ikahama ikawa 150,000 na nusu utapata nusu Hz. Kwa hiyo filta ya rezista na kapasita (RC), ile ya kweli ya kushikika, lazima iwepo mbele. Kodi na kapasita zinasaidiana, moja haimalizi kazi ya mwenzake.

ADC yangu inachukua sampuli 1000 tu kwa sekunde, imewezaje kuona 150 kHz?

Watu wanadhani ADC ya polepole ina macho ya polepole. Hapana. Ndani kuna kapasita ndogo sana, kwenye chipu ya ATmega328P ya bodi ya Arduino Uno ni kama pikofaradi 14, na swichi inayoiunganisha na pini yako kwa muda mfupi halafu inakata. Kinachobaki kwenye kapasita ni volti ya ule wakati swichi ilipokata. Ukiwa unasoma mara moja kwa saa au mara elfu kwa sekunde, ule mkato ni wa haraka vilevile. Huo ndo upana wa bendi wa kuingilia, yaani frikwensi zinazoweza kupita, na kwa ADC nyingi ni mkubwa mara nyingi kuliko nusu ya kasi ya sampuli. Mlango ni mpana kuliko chumba. Kazi ya filta ni kuupunguza mlango ulingane na chumba.

Na sio mawimbi yenye jina tu yanayoingia. Kelele za kawaida za rezista na za opampu (chipu ya kukuza signali) zimetandazwa kwenye frikwensi zote, na zote zilizopita mlangoni zinakunjwa na kurundikana ndani ya bendi yako ndogo. Ndo maana mtu anafunga ampulifaya nzuri ya bendi pana akidhani anaboresha, kelele zinaongezeka.

Nihesabuje hiyo filta ya RC?

Frikwensi ya kukatia ni 1 gawanya kwa 2π mara R mara C. Usikariri, shika namba chache: kiloomu 10 na nanofaradi 100 inakata 159 Hz. Kiloomu 10 na mikrofaradi 1 inakata 15.9 Hz. Kiloomu 1 na nanofaradi 100 inakata 1.59 kHz. Ukibadilisha kimoja mara kumi, jibu linabadilika mara kumi, umemaliza.

Kukata sio kama kisu. Pale pale kwenye frikwensi ya kukatia signali imebaki asilimia 71 hivi, na baada ya hapo inashuka mara kumi kwa kila frikwensi inapozidi mara kumi, ndo ile desibeli 20 wanayosema. Huo ni mteremko wa taratibu, kama wa kushuka Moshi mjini kwenda mashamba ya miwa ya TPC, sio kama wa Marangu.

Sasa swali la muhimu ni frikwensi gani inayokuumiza. Tuseme unataka kuona hadi 10 Hz na unasoma mara 100 kwa sekunde. Inayoangukia juu ya 10 yako ni 90, maana 100 toa 90 ni 10. RC ya kukata 10 Hz inaipunguza 90 Hz mara 9 tu. Kelele ya volti moja inabaki volti 0.11, na kwenye Uno ya biti 10 ambapo hatua moja ni milivolti 4.9, hizo ni hatua 22 za uongo. Haitoshi. Ongeza kasi iwe 1000 kwa sekunde na RC ileile: sasa adui ni 990 Hz, inapunguzwa mara 99, zimebaki hatua 2. Kwa rezista ileile na kapasita ileile! Ndo maana ushauri wangu kwa karibu kila mtu ni mmoja: soma haraka, RC rahisi mbele, wastani ndani, tuma polepole. Ukijaribu kutumia RC peke yake kwa mtu anayesoma kila sekunde 10 utahitaji kukata chini ya 0.05 Hz, yaani megaomu na mikrofaradi nyingi, na kapasita za ukubwa huo zinavuja zenyewe kiasi cha kuharibu kipimo.

Nina rezista mbili za kugawanya volti kutoka 5 kushuka. RC naiweka wapi?

Tayari unayo nusu yake. Kwenye tanki la baba mdogo tulikuwa na kiloomu 10 mbili zinagawanya volti kwa nusu, kwa macho ya kapasita hizo mbili ni sawa na kiloomu 5, tukaweka kapasita ya mikrofaradi 2.2 kutoka katikati kwenda graundi, ikawa filta ya 14.5 Hz. Kapasita moja tu imeongezeka. Hiyo peke yake ilishusha 50 Hz mara 3 na nusu hivi, zile sentimita 6 zikawa chini ya 2, na wastani wa milisekunde 200 ukamaliza zilizobaki.

Rezista kubwa si inakataza ADC kujaza kapasita yake ya ndani? Datashiti ya Uno inasema isizidi kiloomu 10.

Kweli inasema, na ni ushauri mzuri kama hakuna kapasita nje. Ukiwa na mikrofaradi moja pinini, ile pikofaradi 14 ya ndani inajazwa na kapasita yako papohapo kama kikombe kinachotekwa kwenye pipa, rezista inakuja kurudisha taratibu. Kwa biti 10 kapasita ya nje ikizidi nanofaradi 30 hivi kikombe hakionekani. Ila ukisoma kwa kasi sana wastani wa unachoteka unakuwa na uzito: pikofaradi 14 mara 9600 kwa sekunde ni kama rezista ya megaomu 7 kwenda graundi, na ukiwa na kiloomu 10 hapo umeshapoteza hatua moja ya Uno. Kwa mara 1000 kwa sekunde haina neno.

Nina sensa nne kwenye chipu moja yenye swichi ya kuchagua. Filta moja inatosha?

Kila sensa na filta yake, kabla ya swichi. Ukiweka moja baada ya swichi, kila ukihamia sensa nyingine lazima usubiri kapasita ihame kutoka volti ya jirani, na RC ya milisekunde 10 inahitaji kama milisekunde 90 kutulia kwa usahihi wa biti 12. Watu wanasoma bila kusubiri halafu wanashangaa sensa ya udongo wa mgomba inafuata ya kahawa.

RC mbili mfululizo, au Sallen-Key?

RC mbili zinasaidia ila zinabebana, na kona yake inalegea. Kama kweli unahitaji mteremko mkali, mfano unapima mtikisiko wa mota ya kinu cha mahindi na huwezi kupoteza sehemu ya juu ya bendi, tengeneza Sallen-Key ya opampu moja. Mzunguko huu uko tangu 1955 na bado ndo ninaouamini. Rezista mbili za kiloomu 10, kapasita ya nanofaradi 220 kutoka katikati ya rezista kwenda kwenye autiputi, nanofaradi 100 kutoka pini ya chanya kwenda graundi, inakata karibu 107 Hz na umbo lake ni karibu sana na lile la Butterworth, lililo tambarare hadi pale inapokata. Baada ya hapo inashuka mara 100 kwa kila mara kumi.

Opampu utakayopewa dukani bila kuuliza ni LM358. Inafanya kazi, ila ukiilisha volti 5 autiputi yake inakwama karibu 3.5, usije ukadhani tanki limejaa kumbe opampu ndo imegonga dari. Ukipata MCP6002 chukua hiyo, inafika juu hadi chini.

Kapasita aina gani?

Plastiki kama una nafasi. Za kauri zenye alama ya C0G au NP0 ni nzuri sana kwa thamani ndogo. X7R sawa kwa RC ya kawaida ila inapungua ukiipa volti nyingi. Y5V achana nayo, jua la mchana la Moshi linatosha kuihamisha.

Chipu za ADC kama ADS1115 na HX711 zina filta ndani. Niweke tena nje?

Ndiyo, ndogo. Hizi ni delta-sigma, ndani zinasoma kwa kasi kubwa sana na kuchuja kidijitali, ila ile filta ya ndani haioni vitu vilivyo karibu na kasi yake ya ndani, kwenye ADS1115 ni 250 kHz. RC ya kiloomu 1 na nanofaradi 100 inatosha kabisa.

Ila kuna mtego. Mtu anaiweka ADS1115 kwenye 860 kwa sekunde, anaomba sampuli moja, analala sekunde 10, anaomba nyingine. Hiyo sampuli ni ya milisekunde kama 1.2 tu, haifiki hata sehemu ya kumi ya mzunguko wa umeme, kwa hiyo umerudi kwenye tanki linalopumua vilevile, na biti zako 16 zinakuonyesha uongo kwa usahihi mkubwa. Iweke 8 kwa sekunde, itapunguza 50 Hz sana ingawa haiimalizi, maana milisekunde 125 sio mizunguko kamili na saa yake ya ndani inaweza kukosea hadi asilimia 10.

HX711 kwa ajili ya mizani ya kahawa au mizinga ya nyuki: iache kwenye 10 kwa sekunde. Hapo imetengenezwa kukataa 50 na 60 Hz kwa pamoja. Ukiipandisha 80 ile kinga inaondoka.

Sensa yangu ya mwendo ni ya dijitali, MPU6050. Hayo yote hayanihusu?

Yanakuhusu. Ina ADC ndani na ina filta unayoipanga kwa rejista, kuanzia 260 Hz hadi 5 Hz. Ikiwashwa inakaa kwenye upana mkubwa kabisa. Ukiisoma mara 100 kwa sekunde ipange 44 au 21. Kwa sensa ya mwendo ya ADXL335 ya analogi kapasita ya autiputi ndo inayoamua, nanofaradi 100 inakupa 50 Hz kwa sababu ndani yake kuna rezista ya kiloomu 32.

Simu ikiwa karibu namba zinaruka. Hiyo nayo ni eliasingi?

Mara nyingi sio, ni ndugu yake. Unakumbuka redio inavyolia didididi kabla simu haijaita? Simu ya GSM inawasha na kuzima rusho lake kama mara 217 kwa sekunde, na opampu yoyote ikipokea rusho kali inaligeuza kuwa volti, inakuwa kama redio bila kutaka. Filta baada ya opampu imechelewa. Weka omu 100 na nanofaradi 1 pale waya unapoingilia kwenye boksi, miguu ya kapasita iwe mifupi kabisa. Mikrofaradi yako kubwa haisaidii kwenye frikwensi hizo, miguu yake mirefu imeshakuwa koili.

Tunarekodi kwaya, kadi yetu ya sauti ni 48 kHz, tuhangaike na filta?

Hapana. Vifaa vya sauti vya sasa vinasoma ndani mara 64 au zaidi na kuchuja vyenyewe. Wanaotakiwa kuhangaika ni wale wanaosoma maikrofoni kwa pini ya Uno.

Kuna wakati eliasingi inafaa?

Ipo. Kwenye redio wanachukua bendi nyembamba iliyo juu sana, wanaichuja kwa filta ya bendi, halafu wanaisoma kwa kasi ndogo makusudi ili ikunjwe ishuke chini. Hapo ndo ule mlango mpana wa ADC unakuwa mali. Bado lakini filta ni ya lazima, tena kali zaidi.

Nimeweka RC, nimeweka wastani, nimetenganisha waya, bado grafu inapanda na kushuka taratibu. Nifanye nini?

Kwanza rudia kile kipimo cha kubadilisha kasi. Wimbi lisipohama, acha kuihangaikia filta. Angalia kama volti ya kulisha sensa inapanda na kushuka na jua la sola, angalia kama sensa yenyewe inapigwa na jua mchana, angalia graundi mbili zilizounganishwa sehemu mbili. Halafu kubali uwezekano kwamba ni kweli.

Kule Kibosho baada ya pumzi kuisha grafu ilinyooka, na ndo tukaona kitu ambacho zile sentimita 6 zilikuwa zimekifunika muda wote: kila usiku, kuanzia kama saa nne mpaka alfajiri, maji yanashuka sentimita 2 na hakuna mtu anayechota. Nilibadilisha kasi ya sampuli mara tatu, haikuhama. Asubuhi baba mdogo akazunguka nyuma ya tanki kwenye magimbi, akakuta udongo chini ya koki umelowa.